Kifuniko Kilichokazwa Usiku

Nyumbani kwetu Kirumba, jijini Mwanza, maji ya chai huchemshwa usiku na kuwekwa kwenye chupa ya chai, kwa sababu mimi huamka saa kumi na moja alfajiri na sipendi kuwasha jiko wakati wenzangu wamelala. Anayeijaza chupa hiyo ni mjukuu wangu wa miaka 19, kijana mwenye viganja vipana kama makasia, na alikuwa akikikaza kizibo chake kwa moyo wote, akiamini kwamba joto hubaki ndani kwa nguvu ya mkono wake. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiamka, nikikaa mbele ya chupa ile yenye maua mekundu ubavuni, nikijaribu mara mbili tatu huku kidole gumba kikiniwaka moto, kisha nikimngoja aamke anifungulie maji aliyoyafunga mwenyewe.

Mimi ni karani mpiga chapa mstaafu. Kwa miaka 31 vidole hivi vilikuwa ndiyo chombo changu cha kazi, kwanza kwenye taipureta iliyotaka kugongwa kwa nguvu, baadaye kwenye kompyuta, na watu hupenda kuniambia kwamba kazi hiyo ndiyo iliyoniharibu. Siwaungi mkono, kwa kuwa dada yangu aliyelima mpunga Magu maisha yake yote ana vidole vilevile, na marehemu mama yetu alikuwa navyo kabla yetu. Ugonjwa huu wa vidole hupenda kufuata koo. Daktari aliyenipima alinionyesha kwenye picha ya eksirei kwamba nafasi iliyotakiwa kuwapo kati ya mifupa imebaki kama uzi, kwa sababu gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane, imelika kwenye mashina ya vidole gumba vyote viwili na kwenye viungo vya mwisho karibu na kucha. Huko karibu na kucha pameota vinundu vigumu ambavyo madaktari huviita kwa jina la Heberden, tabibu Mwingereza wa karne ya 18.

Mtaani kwetu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, au “baridi” tu, lakini huu wangu wa kulika kwa gegedu na baridi yabisi si ugonjwa mmoja, na inafaa kuyatofautisha. Mimi nikiamka vidole huwa vigumu kwa robo saa au dakika 20, kisha hulainika. Mtu ambaye ugumu wake wa asubuhi unapita saa nzima, na viungo vya mikono yote miwili vimevimba na vina joto, hasa vifundo vya mikono na mashina ya vidole, asikae nyumbani akijipaka dawa za kuchua, kwa maana huenda hiyo ndiyo baridi yabisi yenyewe, ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake, na dawa zake husaidia zaidi zikianzwa mapema.

Narudi kwenye kizibo. Jambo lililonifungua macho ni maelezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyepelekwa kwake, ambaye alinishika kidole gumba na kuniambia kwamba nikibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, shina la kidole gumba hubeba nguvu inayokaribia kilo 12. Nikafanya hesabu zangu za kikarani. Kizibo cha chupa ya chai kikihitaji kubanwa kwa kilo 5, basi pale kwenye mfupa usio na gegedu ninaweka mzigo wa kilo 60, yaani madumu matatu ya lita 20 yaliyojaa maji, na ninauweka hapo alfajiri, saa ambayo kiungo hakijaamka. Tangu siku hiyo niliacha kujilaumu kwamba nimezembea au nimezeeka vibaya. Nikaanza kukiangalia kila kifuniko na kujiuliza kinataka kibanwe na nini, na je, kazi hiyo haiwezi kufanywa na kiganja, mkono mzima, bega, au kipande cha mti.

Chupa ya chai ina siri mbili. Ya kwanza ni kwamba joto halizuiwi na kukaza. Linazuiwa na ukuta wa kioo wa tabaka mbili ambazo katikati yake hewa imenyonywa, kazi iliyobuniwa na James Dewar huko Uingereza mwaka 1892, na kizibo kinachotakiwa ni kile kinachokaa tu vizuri mahali pake. Ya pili ni kwamba ukifunga papo hapo baada ya kumimina maji yanayotokota, nafasi iliyo chini ya kizibo hubaki imejaa mvuke. Usiku mvuke ule hupoa, hugeuka matone, na hewa ya nje hukikandamiza kizibo kukiingiza ndani. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa nikipigana na mjukuu wangu na mvuke kwa pamoja. Siku hizi humwambia amimine, angoje kidogo mvuke upungue, kisha azungushe mpaka mpira wa kizibo uguse, aache hapo. Nilimwekea alama ya rangi ya kucha kwenye kizibo na nyingine shingoni mwa chupa. Alama zikikutana, basi. Maji ya alfajiri hayajawahi kuwa ya uvuguvugu.

Vichupa vya vioo vyenye mdomo mpana, vile vya jamu, achari na asali, hufungwa kwa nguvu hiyohiyo ya hewa, ila kiwandani hufanywa makusudi. Chakula huingizwa kikiwa cha moto, kifuniko huwekwa, mvuke hupoa, na ombwe, yaani upungufu wa hewa unaobaki ndani, huzuia chakula kisiharibike. Kifuniko chenye upana wa sentimita 7 kina eneo la sentimita za mraba zipatazo 38, na kwa kuwa pwani hewa hukandamiza kwa takriban kilo 1 kila sentimita ya mraba, hata ombwe likiwa la nusu tu, kifuniko kile kimekaliwa na kilo 19. Sisi wa kanda ya ziwa tuna nafuu ndogo, maana ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kichupa kilichofungwa Dar es Salaam kikifika Mwanza kimekwisha kulegea kidogo njiani. Nikimwambia hivyo mjukuu wangu husema, “Bibi, basi chupa zote tuzipeleke Kilimanjaro zikafunguliwe huko.”

Dawa ya ombwe ni kulitoboa, si kushindana nalo. Ninachukua kijiko cha chuma, naingiza ncha ya mpini wake chini ya ukingo wa kifuniko, nauegemeza kwenye kioo, kisha naukandamiza kwa kiganja, si kwa vidole, huku nikiuhamisha hapa na pale mpaka nisikie “tak!” na kuona katikati ya kifuniko pameinuka. Baada ya hapo kifuniko huzunguka kama cha chupa tupu. Kwa asali iliyokwisha kufunguliwa na kugandiana kwenye ukingo, kama hii tuletewayo kutoka Tabora, kijiko hakisaidii. Hapo nakiinamisha kichupa kifuniko kikiwa chini ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika mbili, na asali hulainika, na bati la kifuniko hutanuka zaidi ya kioo.

Baada ya ombwe kutoka kinabaki kuteleza, na hapo ndipo alipoingia fundi baiskeli. Chini ya mwembe karibu na stendi ya daladala kuna fundi ambaye kila asubuhi tunasalimiana “mwangaluka”, na mbele yake huwa zimening'inia tyubu zilizokufa ambazo hukatwa mikanda ya kufungia mizigo. Nilimweleza shida yangu kwa aibu kidogo, nikidhani atacheka. Akaniambia, “Mayu, hiyo si shida ya mikono, ni shida ya utelezi,” akachukua tyubu, akanikatia kipande cha upana wa vidole vitatu na mkanda mwingine wa urefu wa mkono. Kipande kile kifupi nakiweka juu ya kifuniko, nalaza kiganja juu yake bila kubana, nanyoosha mkono na kuegemea kwa uzito wa mwili, kisha nazungusha kwa bega. Mpira haukubali kuteleza, kwa hiyo hakuna haja ya kubana. Kichupa chenyewe hukaa juu ya kitambaa kibichi kwenye kigoda, chini ya usawa wa kiuno, maana kikiwa juu ya meza ndefu bega halina kazi.

Mkanda mrefu ni wa vifuniko vikaidi. Fundi seremala alinipa kipande cha mpini wa jembe, nikakifunga mwisho mmoja wa mkanda hapo. Mwisho mwingine nauzungusha mara mbili kwenye kifuniko kuelekea kule kinakokazwa, kisha navuta mpini kuelekea kule kinakofungukia. Mpira hujikaza wenyewe kadiri ninavyovuta, na kidole gumba changu kinakuwa mtazamaji. Nimeona vifaa vya namna hii vikiuzwa kwa bei ya kilo tatu za sangara, na sidhani vinafanya zaidi ya mkanda huu.

Mtaalamu wangu aliongeza jambo moja ambalo lina faida kubwa zaidi kwa wenye baridi yabisi, ambao vidole vyao huwa na tabia ya kulalia upande wa kidole cha mwisho: fungua kwa mkono wa kulia na ufunge kwa mkono wa kushoto. Ukilaza kiganja cha kulia juu ya kifuniko na kuzungusha kufungua, vidole husukumwa kuelekea gumba. Ukifunga kwa mkono huohuo vinasukumwa kule kunakoviharibu.

Soda ya chupa ya kioo, ambayo watu hudhani itanishinda, ndiyo rahisi kuliko zote. Kizibo chake chenye meno 21 ni kizazi cha kile alichokipatia hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, William Painter wa Baltimore mwaka 1892, uleule wa Dewar, na ambao pia hutajwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa mji wetu wa Mwanza. Huenda ndiyo sababu tunaelewana. Painter alijua kwamba hakitafunguliwa kwa mkono, akamwachia kazi wenzo. Nilipigilia kifungulio cha baa kwenye mhimili wa mlango wa jikoni, na sasa nashika chupa kwa mikono miwili na kuishusha chini. Plastiki ni shida nyingine kabisa. Kifuniko cha maji ya chupa kina upana usiofika sentimita 3, kimefupishwa mwaka hadi mwaka, na kina vijino vikali vya kuzuia utelezi ambavyo kwangu ni kama kushika samaki kwa mapezi. Hapo hutumia mpira, na chupa yenyewe huipakata kwenye kunjo la kiwiko. Wazee wenzangu hutumia meno. Mimi yangu nimeyaweka akiba kwa mahindi ya kuchoma.

Dumu la mafuta ya kula la lita 5 nalo lina hila yake. Kifuniko cha nje hutoka bila tabu, kumbe ndani kuna kipete cha plastiki kinachotaka kutiwa kidole na kuvutwa kwa mkupuo mmoja. Aliyekibuni hakuwa na mama mzee. Napitisha mpini wa mwiko ndani ya kipete, naegemeza ncha yake kwenye ukingo wa dumu, nainua upande wa pili kwa mikono miwili, na kipete hung'oka polepole bila kunimwagia mafuta kifuani kama kilivyofanya mara ya kwanza.

Makopo ndiyo yaliyonitoa damu. Nakiri kwamba mtu anayeishi hatua chache kutoka Mwaloni, mahali ambapo dagaa hupakiwa kwa magunia na sato hufika wakiwa bado wanapumua, hana udhuru wa kununua samaki wa kopo; lakini wajukuu wanawapenda, na nyanya za kopo huokoa siku ya mvua. Miaka mitatu iliyopita nilifungua kopo la nyanya kwa kisu cha jikoni, nikikigonga kwa jiwe la kusagia pilipili, kisu kikateleza na kuingia kwenye nyama ya chini ya gumba. Nilishonwa nyuzi nne, na kilichonichoma zaidi ni mjukuu mdogo kuuliza ile nyekundu ni nyanya au ni bibi. Nilipata faraja kidogo baadaye niliposoma kwamba hataza ya kuhifadhi chakula kwenye makopo ya bati alipewa Peter Durand huko Uingereza mwaka 1810, na kule Marekani hataza ya kifungulio cha kopo haikutolewa mpaka Ezra Warner alipoipata mwaka 1858. Kwa karibu miaka hamsini watu walikuwa wakitumia nyundo na patasi. Kifungulio cha gurudumu kilifuata mwaka 1870, na kopo lenye pete ya kuvutia ni la Ermal Fraze wa Ohio, mwaka 1963.

Cha gurudumu nilikinunua Makoroboi, mtaa wenye jina la taa za kopo, na kilinikatisha tamaa, kwa sababu kipini chake cha kuzungushia ni kile kile cha kubana kati ya gumba na shahada. Nilikipitisha msumari mrefu kwenye tundu la kipini, nikaufunga kwa waya, na sasa nauzungusha kwa kusukuma na kiganja kama mtu anayepiga pampu ya kisima. Kopo la pete lina kazi mbili: kwanza kuinua pete mpaka bati litoboke, kisha kuvuta. Ya kwanza naifanya kwa kuchomeka mpini wa kijiko chini ya pete na kuukandamiza. Ya pili kwa kupitisha mpini wa mwiko ndani ya pete na kuvuta kwa ngumi iliyofumbwa. Kopo la maziwa ya unga halina neno, kijiko hulimaliza.

Naona nimetaja ngumi iliyofumbwa na nisingependa ipite hivihivi. Kushika kitu kinene kwa mkono mzima ni nafuu kubwa kuliko kubana chembamba kwa ncha. Kule Marekani mtu aitwaye Sam Farber aliona mkewe Betsey, mwenye maradhi ya viungo mikononi, akisumbuka na kifaa cha kumenyea, na mwaka 1990 wakaanza kuuza vyombo vya jikoni vya OXO vyenye vipini vinene vya mpira, vikapendwa hata na wenye mikono mizima. Mimi nilivivisha visu vyangu vyote vipande vya tyubu, tabaka juu ya tabaka, na jiko langu sasa linanuka kidogo kama karakana.

Kuna kifuniko kimoja tu ambacho nimekubali kiwe kigumu. Mpwa wangu anayeishi Minnesota alinitumia chupa kubwa ya vidonge vya maumivu ya viungo, na kifuniko chake kinataka kukandamizwa chini na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Nilidhani ni kejeli. Kumbe Marekani walipitisha sheria mwaka 1970 ya kuwazuia watoto wasifungue dawa, na tangu 1995 kanuni zao hutaka vifuniko hivyo vijaribiwe pia na watu wa miaka 50 hadi 70, ili visiwe kifungo kwa wazee. Sheria hiyohiyo inaruhusu mzee asiye na watoto nyumbani kupata kifuniko cha kawaida. Lakini nyumbani kwangu yumo mtoto wa miaka mitatu anayepanda meza kama mjusi apandaye mawe ya Bismarck yaliyo ziwani kwetu, kwa hiyo kifuniko kile nimekiacha. Naweka chupa juu ya kipande cha tyubu, nakandamiza kwa kisigino cha kiganja, nageuka mwili mzima.

Mwezi uliopita dada yangu alikuja kutoka Magu kukaa nasi wiki moja. Usiku wa kwanza mjukuu alichelewa kurudi, na dada, kwa wema wake, akachemsha maji na kujaza chupa ya chai bila kuangalia alama za rangi ya kucha, akaikaza kwa mikono miwili kama anavyofunga gunia. Alfajiri tulikaa mbele ya chupa, vidole gumba vinne vyenye vinundu vinavyofanana, tukapokezana mara moja kila mmoja, tukaanza kucheka kimyakimya tusije tukawaamsha watu. Nilitoa mkanda na mpini wa jembe mtungini. Nilipouvuta, kizibo kilivuta pumzi, kikaachia, na mvuke ukapanda. Dada alikunywa chai yake akiugeuzageuza mkanda mapajani, kisha akauliza huyo fundi baiskeli hufika kazini saa ngapi.